Siku Kumi Shamba

Miongoni mwa mambo ambayo watu wa miji ya pwani wameyaacha bila ya kutambua kuwa wameyaacha, ni ile desturi njema ya kwenda shamba. Hapo zamani mtu wa mjini Unguja, akiwa ana mali au hana, hakukosa shamba la kwendea: kama si lake basi la mjomba wake, na kama si la mjomba basi la rafiki wa baba yake. Ukifika msimu wa karafuu au wa maembe, alifunga mlango wa nyumba ya mjini, akachukua watoto, vyungu, mikeka na taa, akaenda akakaa huko hata msimu ukaisha. Hakulipa kodi ya chumba wala hakuitwa mtalii. Alikwenda kupumzika na kufanya kazi kwa pamoja, na watu wa zama zile hawakuona kuwa mambo mawili hayo yapingana.

Leo hali imegeuka. Likizo ya skuli ikifika, watoto wa mjini hushinda ndani, kila mmoja na simu yake, na wazee wao huzihesabu siku za kufunguliwa skuli kama mfungwa anavyohesabu siku za kutoka. Nyumba yetu ni moja katika nyumba hizo. Twakaa Dar es Salaam, katika ghorofa ya nne inayotazamana na ghorofa nyingine, na mwezi mwandamo hatuuoni kwa macho yetu ila tuambiwe na redio. Hatusemi haya kwa kulalamika, kwani Mwenyezi Mungu ametupa riziki na stara; illa mwili una haki yake juu ya mwenyewe, na macho nayo yana haki ya kutazama kitu kisichokuwa ukuta.

Jambo lililotutoa mjini khasa ni mama yetu. Yeye ni mzaliwa wa Unguja, na alivuka bahari alipoolewa. Sasa amefikia umri ambao mtu huyakumbuka ya miaka sabini iliyopita na akayasahau ya asubuhi. Alikuwa hali vizuri wala halali vizuri. Daktari alimpima akasema hana maradhi illa uzee. Lakini kila jioni, hewa ya bahari ikianza kuvuma, alituuliza swali moja: je, karafuu zimekwisha chumwa? Wajukuu wake walikuwa wakicheka, si kwa ufedhuli, bali kwa sababu hawakujua karafuu ni kitu cha kuchumwa. Wao waliijua katika chupa ya jikoni tu, tena siku ya pilau.

Basi katika likizo ya Disemba tulipata mwaliko. Jamaa mmoja wa upande wa mke wetu alikuwa ameikodi nyumba kongwe ya shamba, akaitengeneza kwa taabu ya miaka mitatu, akitaka kupokea wageni wa kulipa wapendao utulivu. Kabla ya kuifungua alitualika tukae siku kumi, tumwambie lililopungua. Tukavuka kwa boti, mwendo wa kama saa mbili, kisha tukapanda gari kuelekea kaskazini. Tukapita Mtoni, tukapita Bububu, tukaiacha njia ya pwani na kupanda kwenye vilima vya Kidichi na Kizimbani, ambako ardhi ni nyekundu na miti imefungamana hata jua la adhuhuri hufika chini vipande vipande.

Njia hiyo ina khabari zake. Mtoni ndiko alikozaliwa mwaka 1844 Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, ambaye baadaye aliolewa na Mjerumani na kuchapisha huko Ujerumani kumbukumbu zake mwaka 1886. Naye aliyajua vyema maisha ya mashamba haya, kwani aliwahi kukaa Kizimbani na Bububu. Na Kidichi yapo mpaka leo mahamamu aliyoyajenga Sayyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Kwa hivyo kupumzika vilimani si jambo lililozuliwa na watalii wa leo. Wakubwa walikwenda na fahari zao, na wadogo walikwenda na vyungu vyao.

Nyumba yenyewe si kubwa. Yasemekana ilijengwa baada ya dhoruba kuu ya mwezi wa Aprili 1872, iliyoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. (Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo ndiyo iliyoongoza kwa wingi wa karafuu.) Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo mwekundu, nene hata mtoto aweza kulala katika kizingiti cha dirisha. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa kuwa dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti haipiti urefu wake. Mbele pana baraza, na mbele ya baraza pana sakafu pana ya chokaa, iliyokuwa ya kuanikia karafuu.

Mwenyeji wetu alitueleza alivyoikuta. Mtu aliyekaa kabla yake alikuwa ameziba nyufa kwa saruji, akidhani kuwa chenye nguvu zaidi ndicho bora zaidi. Kumbe ukuta wa mawe na chokaa hunywa unyevu wakati wa mvua na kuutoa wakati wa jua, na saruji huufungia unyevu ule ndani, ukuta ukaoza huku uso wake ukionekana mzima. Fundi mzee aliyemleta alimwambia: kwanza tubomoe uzima wa uwongo. Wakaibandua saruji yote kwa patasi na nyundo, wakatafuta chokaa ya kuchomwa kwa kuni, wakaizima kwa maji, wakaiacha muda mrefu ikapoa na kulainika, ndipo wakapaka upya, tabaka juu ya tabaka. Kazi hiyo ilimla mwenyeji wetu fedha zake zote na nyingine za kukopa. Lakini ukiingia ndani adhuhuri, hali nje kunawaka, waona ubaridi kama umeingia msikitini.

Siku mbili za mwanzo hatukufanya lolote. Tulilala mchana, jambo ambalo hatukulifanya tangu Ramadhani. Tulikula mashelisheli ya kuchoma na samaki wa nazi, na shokishoki tukala hata vidole vikawa vyekundu. Usiku kulikuwa na giza la kweli, na watoto waliogopa kwanza, kisha wakaanza kuzihesabu nyota, kisha wakalala katikati ya hesabu. Mama yetu alikaa barazani, fimbo yake pajani, akinusa.

Wahenga wamesema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu majirani walikuwa wakichuma, nasi tukaomba kazi. Mkarafuu huchumwa kabla ua lake halijafunguka, wakati kikonyo kinapoanza kuwa chekundu. Likifunguka, thamani imekwenda. Kwa hivyo karafuu haimngoji mtu. Wachumaji hupanda juu sana, wakavuta matawi kwa ngoeko, na khatari ya kuanguka i pamoja nao kila siku ya msimu. Sisi tulibaki chini na wanawake na watoto, kazi yetu kuchambua: karafuu upande mmoja, makonyo upande mwingine. Kisha zikaanikwa juu ya majamvi katika ile sakafu ya zamani, ambayo mwenyeji wetu aliwaruhusu majirani kuitumia msimu ule. Huchukua kama siku nne au tano za jua zuri, zikageuka kutoka rangi ya majani na wekundu hadi hudhurungi, na uzito wake ukashuka hata kubaki kama theluthi. Ndipo hupelekwa kwa shirika la serikali, ambalo ndilo mnunuzi.

Disemba ina mvua za vuli, na hapo ndipo watoto wetu walipofahamu kazi ni nini. Saa tisa ya mchana siku ya nne, wingu lilipanda ghafla upande wa mashariki, na sauti ikapigwa: "Anueni! Anueni!" Wakatoka watu kutoka kila upande, hata wasiokuwa na karafuu pale, wakakunja majamvi wakakimbilia barazani. Wetu wakakimbia nao. Mvua ilipoanguka, karafuu zote zilikuwa chini ya paa, na mtoto wetu wa kati, ambaye nyumbani hutakiwa mara tatu kuondoa sahani yake, alikuwa amekaa juu ya gunia akihema na kucheka.

Kama khabari yetu ingekwisha hapo, ingekuwa khabari ya raha tu, na pengine isingestahili nafasi katika gazeti. Lakini siku ile ile ya mvua mama yetu alimuuliza mwenyeji:

"Mwanangu, njia ya kisimani iko wapi?"

"Kisima kipo, Bi Mkubwa, kule nyuma ya mkungumanga. Maji yake matamu, na tumekitia pampu."

"Kisima najua kipo. Nimeuliza njia."

Mwenyeji wetu, ambaye ni mtu muungwana, alieleza bila ya kuficha. Njia ya zamani ilikuwa ikikata katikati ya uwanja wa nyumba. Wanawake wa jirani walikuwa wakipita kabla ya alfajiri na ndoo zao, wakizungumza, wakicheka, na watoto nyuma yao. Mgeni anayelipa ataka kimya. Hicho ndicho anachokinunua. Kwa hivyo alizungusha ua wa seng'enge, akatia lango na kufuli. Majirani wana mfereji wao kwenye njia kuu, ingawa siku nyingine hautoi maji. Naye ana mkataba, na mkataba unampa nyumba na uwanja na kila kilichomo.

Mama yetu hakujibu neno.

Siku ya tano alikuja jirani mmoja, mwanamke wa makamo ya kuelekea uzeeni, na sahani ya muhogo wa nazi imefunikwa kawa. Akabisha hodi langoni, akafunguliwa, akamwamkia mama yetu, "Shikamoo, Bi Mkubwa," naye akaitikia, "Marahaba, mwanangu, karibu," wakakaa barazani kama waliojuana miaka. Kwa maneno yao ndipo tulipoijua khabari ya mahali tulipokuwa tumelala.

Msomaji ajua kuwa karafuu si mti wa kwetu kwa asili. Ulitoka visiwa vya Maluku, ambavyo leo ni vya Indonesia, ukafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na Sayyid Said akauhimiza kupandwa mpaka visiwa hivi vikawa mashuhuri duniani. Lakini mashamba yale hayakupandwa na masultani wala na matajiri kwa mikono yao. Yalipandwa, yakapaliliwa na kuchumwa na watu walioletwa kutoka bara kwa nguvu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 katika enzi ya Sayyid Barghash, na utumwa wenyewe haukuondolewa katika sheria mpaka 1897. Baada ya mapinduzi ya Januari 1964, ardhi ya wenye mashamba makubwa ilichukuliwa na serikali, na wengi wakagaiwa eka tatu tatu. Mwanamke yule alikuwa akikaa katika eka tatu za baba yake, hatua chache kutoka ule ua wa seng'enge.

"Babu wa baba yangu ni mmoja wa waliokichimba kisima kile," alisema, "naye wakati huo hakuwa mtu wa nafsi yake. Alipokuwa huru akayanywa maji yake. Baba yangu kayanywa, nami nimeyanywa. Sasa twasikia pampu tu."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililotuuma. Alisema kama mtu anavyosema kuwa mwaka huu maembe ni machache. Akaaga, akachukua kawa lake, akenda zake.

Siku ya pili yake, baada ya sala ya Alasiri, tulimkosa mama yetu. Mjukuu wake mkubwa, binti wa miaka kumi na mitatu, alikosekana pia, na ndoo ndogo ya chooni haikuwapo. Tulipouliza, tukaambiwa wameonekana wakienda na yule jirani kwenye mfereji. Mtu mwenye miguu mizuri huenda na kurudi kwa muda mfupi. Lakini magoti ya mama yetu ni ya miaka themanini. Jua likashuka. Mwenyeji wetu akasimama langoni na kurunzi mkononi, akitazama njia, wala hakukubali kukaa. Tulitaka kwenda kuwafuata, mke wetu akatushika mkono akasema, "Mwacheni. Mama anajua anachokifanya."

Walirudi karibu na Magharibi, mama ameegemea fimbo upande mmoja na mjukuu upande mwingine, na ndoo ina maji nusu, kwani mengine yamemwagika njiani. Akaiweka chini mbele ya miguu ya mwenyeji wetu, akapumzika kwanza mpaka pumzi zikamrejea, kisha akasema:

"Tawadha, mwanangu. Magharibi yaingia."

Yule bwana alisimama kimya. Kisha akainama, akaichukua ndoo, akatawadha kwa maji yale, taratibu, kiungo baada ya kiungo, hata yakaisha. Akatangulia kutusalisha, na sauti yake katika kusoma haikuwa ile ya siku zote.

Baada ya Isha tulikaa naye juu ya ile sakafu. Hakutafuta kujitetea, lakini alitueleza deni lake lilivyo, na khofu yake: wageni wakija wakasikia kelele za ndoo alfajiri, wakaenda zao, atalipa kwa nini? Hili si jambo la kupuuzwa. Ni wepesi kumwambia mtu afanye uadilifu kwa mali isiyokuwa yako. Tulimwambia tu lile analolijua zaidi yetu, kuwa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Na kwamba mkataba wake umesema kila kitu kuhusu mipaka ya uwanja, wala haukusema neno juu ya nani alikichimba kisima. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Wallahi, nilibandua saruji katika kuta zote, nikaja nikaitia langoni."

Asubuhi kufuli haikuwapo. Yeye mwenyewe alikwenda nyumba kwa nyumba, akaomba radhi, wakakubaliana: lango litakuwa wazi tangu alfajiri mpaka jua lipande, na tena baada ya Alasiri mpaka Magharibi, nyakati nyingine atakayehitaji atabisha hodi. Nao wakajitolea kuyafagia majani ya njia na kukitunza kisima pamoja naye. Ndipo tulipolifahamu vyema lile neno la wazee: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Siku nne zilizobaki hazikuwa za kimya. Kabla ya mapambazuko tulisikia kata zikigonga ndoo, na salamu, na kicheko, na mtoto akililia mama yake. Twakiri kuwa usingizi wa alfajiri ulipungua. Lakini mama yetu, ambaye kwa mwezi mzima usiku wake ulikuwa wa kugeuka na kuuliza saa, alilala siku zile mpaka tukamwamsha sisi kwa sala. Alikula muhogo, akaomba nyongeza. Hatudai kuwa maji ya kisima ni dawa. Twasema tuliyoyaona.

Tumekwisha rudi mjini. Bado jioni huuliza juu ya karafuu, kwani uzee hauponi kwa likizo. Lakini sasa wajukuu hawacheki. Mmoja wao humjibu, "Zimechumwa, Bibi, na mvua ikaja tukazianua," naye hutikisa kichwa akaridhika.

Tumeandika haya kwa faida ya wenye nyumba wenzetu. Mashamba kongwe mengi ya pwani yetu yanatengenezwa siku hizi, Unguja na kwingineko, na si vibaya; nyumba inayokaliwa ni bora kuliko inayoanguka. Mwenye uwezo naachukue watu wake, hata kwa siku tatu, na asikae barazani tu: naombe kazi ndogo, kama si ya karafuu basi ya nazi au ya kupalilia muhogo. Na siku ya kwanza, kabla ya kuuliza chakula ni nini, aulize jirani ni nani, na maji yatoka wapi. Mwenye kutengeneza nyumba naye aulize hayo kabla ya kununua seng'enge.

Juzi mwenyeji wetu alituletea khabari. Wageni wa kwanza wamekuja. Wawili waliomba kuhamishiwa chumba cha upande wa barabara kwa ajili ya kelele, na mmoja alikwenda zake kabla ya siku zake. Waliobaki, asema, kila alfajiri huwakuta kisimani, wakijifunza kuvuta kata bila ya kumwaga. Deni halijaisha. Twamwombea Mwenyezi Mungu amfungulie riziki yake kama alivyolifungua lango lake. Amin.